Wigi la Wifi na Mkanda wa Taimingi

Kwanza tuelewane: sikunyolewa na gari. Narudia, sikunyolewa na gari. Nyie mliopata ile sauti ya sekunde 47 ya mimi nikipiga mayowe mbele ya gari langu, mkaisikiliza mara tano tano, halafu mkanipigia mkijifanya mnaulizia hali ya watoto, nawajua mmoja mmoja. Shoga yangu Mama Kulwa kawatumia kipande. Leo nakuja na kitu kizima, tena haraka, kabla wifi yangu hajafikishiwa na mtu mwingine.

Gari mnalijua. Corolla 110 ya mwaka 1998, ile nyeupe ambayo mlango wa nyuma haufunguki mpaka aliye ndani akuonee huruma. Mwezi uliopita lilikuwa linavuja oili. Fundi akasema ni sili ya kamshafti, kile chuma kinachofungua valvu za injini, akafungua, akaweka sili mpya na mkanda wa taimingi mpya, ule wenye meno unaokizungusha. Safi kabisa. Nimekwenda kulichukua, nafungua boneti, naona mkanda uko uchi. Ule mfuniko wa plastiki unaokaa juu yake haupo. Nikauliza. Fundi (jina namstahi) akajifuta mikono kwa tambara, akasema, "Mama, ile kava boliti zake zimepotea, zile za spana namba 10. Ila usijali, ni urembo tu. Inazuia hewa."

Nikakubali! Mimi ambaye pale sokoni nabonyeza nyanya moja moja mpaka muuzaji ananuna, nikakubali kwamba Wajapani walikaa chini, wakachonga plastiki, wakaitobolea matundu ya boliti, kwa ajili ya kupamba sehemu ambayo hakuna mgeni atakayekuja kuiangalia. Kava nikaitupia kwenye buti pamoja na jeki na viatu vya shule vya Kulwa, ambavyo mama yake hadi leo anavitafuta.

Na kumbukeni naendesha Mwanza. Mji wa mawe huu. Kuna nyumba hapa zimeegemea jabali kama mtu aliyechoka, barabara zetu za mitaani ukipita kokoto zinakupigia makofi chini ya gari. Katika mji huo mimi ndiyo nikatoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia mawe yasiingie kwenye mkanda.

Haya. Jumamosi kulikuwa na sendofu Nyegezi. Nywele zangu zilikuwa mabutu ya twende kilioni, ya wiki ya tatu, yale ambayo ukijikuna mtu anaweza kudhani unapiga mswaki. Nikapita Isamilo kwa wifi, kaka yangu hayupo, nikalia kidogo, nikaazimwa wigi. Refu, mpaka mgongoni, nywele halisi, laki mbili na nusu, na upande wa kushoto lina kibanio cha vijiwe vinavyong'aa. Wifi akanivalisha mwenyewe. Akaniambia, "Wifi, hili lirudi kama lilivyo." Nikamwambia, "Wifi jamani, mimi mtoto?"

Mama Kulwa nikampitia. Tumefika Mkuyuni, gari linaanza mlio. Tiki. Tiki. Tiki. Si mkubwa, kama mtu anagonga kucha kwenye meza akisubiri chenji. Nikapaki pembeni, karibu na vijana wa bodaboda, nikampigia fundi. Akasema, "Mama, liache linaunguruma hivyo hivyo, fungua boneti, nirekodie nisikie." Mama Kulwa akachukua simu yangu, akabonyeza kurekodi. Ndiyo ile sauti yenu.

Saa kumi na moja jioni. Wakazi wa Mwanza mnaujua upepo wa ziwa wa saa hizo, unaokuja bila hodi na kuondoka na kanga za watu. Mimi nimefungua boneti, nimeegemea upande wa dereva ambako ndiko mkanda uliko, nimeinama nielekeze sikio. Nataka niseme nilikuwa nasikiliza kitaalamu. Ukweli nilikuwa nimeinamisha kichwa kushoto ili vijana wa bodaboda waone kibanio.

Upepo ukapita. Nywele zikainuka begani, zikaenda mbele taratibu, kwa madaha, kama bibi harusi anaingia ukumbini.

Kitu cha kwanza nilichohisi ni mvuto mdogo tu. Ule wa mtoto anayekuvuta kanga kanisani akitaka kwenda chooni. Nakumbuka kabisa nilitaka kusema, "Subiri." Halafu nikaona ncha ya nywele imekaa kati ya meno ya mkanda na puli ya juu, imetulia, imelala vizuri. Nikapata muda wa kufikiri, "Mbona kama za kwangu?"

Baadaye nimeelezwa hivi: injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, krenki (chuma kinachozungushwa na pistoni) inazunguka kama mara 700 au 800 kwa dakika, na ile puli ya kamshafti inakwenda nusu yake. Piga hesabu. Ni kama mara sita kwa sekunde moja. Mimi hata neno "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, nilikuwa sijalimaliza.

Wigi likaondoka. Halikuchomoka, liliondoka, kama mtu aliyekasirika kikaoni. Pini ya kwanza, pwa. Ya pili, pwa. Ya tatu ikaondoka na kipande cha butu langu la mbele, na hapo ndipo sauti ile mnayoisikiliza inaanza. Likajikunja kwenye puli na kofia yake, likawa linazunguka na kupiga chuma, paf paf paf paf, kama kuku anayekataa kuchinjwa. Mimi nimerudi nyuma nimeshika kichwa kwa mikono miwili, nakipapasa kama ni chote. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa akaona nywele zinazunguka ndani ya injini na mimi nimeshika shingo. Akaachia ndoo. "Mayu wane! Gari limemla kichwa!"

Bodaboda wawili wakawasha na kuondoka. Mmoja alikuwa ana abiria ambaye hajakaa.

Injini ikakohoa mara mbili, ikapiga kelele kama inataka kutapika, ikazima. Kimya. Moshi mwembamba. Harufu, jamani, harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Na katika kimya kile nikatambua kwamba watu wote wa Mkuyuni sasa hawaangalii tena gari. Wanaangalia twende kilioni. Upepo ukapita tena, safari hii haukuwa na cha kubeba.

Mama Kulwa bado ameshika simu. Anarekodi. Kitu cha pekee alichosema, na mmekisikia mwishoni kabisa, ni "Shoga, kumbe hujasuka?"

(Wenye IST nawaona mnavyocheka. Kwenu ni cheni, imefungiwa ndani ya injini na oili yake, hata mkiinama na mavazi ya kifalme haiwapati. Tulieni.)

Sitanii sehemu hii moja, halafu tuendelee kucheka. Asubuhi ile nilikuwa na chupa ya gundi ya wigi mkononi. Wifi ndiye alisema nisipake, itamharibia lesi ya mbele ya wigi. Alinibana pini tatu tu. Ningepaka gundi, au ungekuwa mtandio umefungwa shingoni, hii stori ingesimuliwa na Mama Kulwa peke yake.

Mengine kwa ufupi. Sendofu hatukufika. Gari lilivutwa na Noah ya jirani kwa kamba ya mtumbwi. Fundi alikaa chini na koleo na wembe, akatoa nywele nyuzi kwa nyuzi huku ananiambia "pole mama" kwa sauti ya mtu anayejing'ata ulimi. Mkanda ulikuwa umeruka meno matatu na umeliwa pembeni. Tena akakuta kikokoto kimenasa kwenye mkanda, ndicho kilikuwa kinalia tiki tiki, wigi lilikuja kumalizia tu. Akasema nina bahati, injini hii mkanda ukiruka valvu hazigongani na pistoni. Ingekuwa Hiace ya dizeli, valvu zingepinda na mimi ningekuwa nauza kiwanja. Mkanda mpya mwingine, hela yangu tena. Kava ikatoka kwenye buti, boliti za namba 10 zikapatikana ghafla, sijui zilikuwa wapi, na ikafungwa mpaka mwisho. Nilisimama pale pale nikizihesabu.

Wigi liko kwenye mfuko wa Rambo juu ya kabati. Linafanana na kitu alichokitapika paka.

Nilikuwa naendelea kuandika hapa, wifi kanitumia ujumbe. Kumbe sauti ameipata tangu Jumapili, kaka yangu ndiye kampelekea. Nikajua leo nimekwisha. Wifi yangu mwungwana, hakutukana hata neno moja. Kaandika: "Pole wifi, la muhimu ni uzima. Wigi tutaongea. Nirudishie tu kibanio, kile ni cha marehemu mama."

Nimemwaga mfuko wa Rambo mezani. Nimepekua kila uzi. Nimempigia fundi, anasema yeye alitoa nywele tu, chuma hakukiona.

Na jana jioni nikitoka Buhongwa, madirisha nimepandisha, redio nimezima, kava imefungwa kwa boliti zake zote, nikasikia ndani kule.

Tiki. Tiki. Tiki.