Picha za Hiroshima: kuonyesha au kusitiri?

Asubuhi ya Agosti 6, 1945, saa chache baada ya bomu la atomiki kulipuka juu ya Hiroshima, mpigapicha wa gazeti la Chugoku Shimbun, Yoshito Matsushige, alifika kwenye Daraja la Miyuki, zaidi kidogo ya kilomita mbili kutoka mahali bomu lilipolipukia. Filamu aliyokuwa nayo ilitosha picha 24, lakini siku ile alibofya kamera mara saba tu, na picha zilizotoka ni tano. Alikuja kusimulia kwamba alisimama pale dakika kama 20 kabla ya kuthubutu kupiga ya kwanza, na kwamba alipowasogelea watu kwa ajili ya pili hakuona vizuri kwa sababu ya machozi. Kwenye tramu iliyojaa maiti aliishika kamera, akaona huruma, akaondoka bila kupiga.

Wanaopinga kuzitandaza hadharani picha za namna hii wana hoja ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa: maiti husitiriwa. Kwetu mtu akigongwa barabarani, wa kwanza kufika humtupia kanga kabla hata ya kuuliza jina lake. Waliokaa chini pale darajani, nguo zimeraruka na nywele zimeungua, hawakuombwa ruhusa na mtu, na tangu hapo wanatazamwa na mamilioni ya watu.

Hoja ya pili ni kwamba picha huonyesha tendo na kuficha yaliyolitangulia. Ndiyo iliyowapa nguvu maveterani wa Marekani walioyapinga maonyesho ya Enola Gay, ndege iliyoangusha bomu lile, katika jumba la makumbusho la Smithsonian, wakidai kwamba Wajapani wangeonekana wahanga watupu, hadi mpango ule ukafutwa Januari 1995. Hawakuwa na chuki tupu. Jeshi la Japani lilikwisha kuwaua raia kwa maelfu mjini Nanjing, China, tangu 1937, na picha ya darajani haisemi neno juu ya hilo. (Haisemi pia kwamba urani ya bomu lile ilichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, kwa wasema Kiswahili wenzetu.) Hata hivyo, upungufu huo huzibwa kwa maelezo na kwa picha za Nanjing zenyewe. Kuiondoa picha ukutani hakuongezi muktadha wowote.

Mimi nauona uzito wa upande wa wanaotaka zionyeshwe ninapokumbuka nani alizificha picha hizi, na kwa nini. Septemba 1945 utawala wa Kimarekani nchini Japani uliwawekea wanahabari masharti yaliyozuia habari ambazo zingeweza kuuchafulia jina, na umma wa Japani haukuziona kwa mapana hadi Agosti 1952, utawala huo ulipokwisha kuondoka na jarida la Asahi Graph likazichapisha. Kwa miaka hiyo yote ulimwengu ulibaki na picha ya wingu la uyoga, iliyopigwa kutoka upande wa walioangusha bomu, ambayo haina mtu hata mmoja ndani yake. Jiji la Hiroshima linakadiria kwamba hadi mwisho wa 1945 walikuwa wamekufa watu wapatao 140,000. Kuzificha picha namna ile hakukuwa sitara. Anayesitiriwa ni aliyeumia, na hapa aliyesitiriwa ni aliyeumiza.

Kuhusu ruhusa, picha ya darajani yenyewe ina jibu, japo ni nusu ya jibu. Mmoja wa walioipa kamera mgongo ni Sunao Tsuboi, aliyekuwa mwanafunzi wa miaka 20. Akiwa ameungua vibaya, aliokota jiwe akaandika pale chini kwamba Tsuboi anafia hapa. Hakufa. Alikuja kuwa mwenyekiti mwenza wa Nihon Hidankyo, shirika la manusura, akampa mkono Rais Obama mjini Hiroshima mwaka 2016, na hadi alipofariki mwaka 2021 alikuwa akiwaonyesha watu picha ile na kuwaambia huyu hapa ni mimi. Kwake yeye ruhusa ilitolewa, tena mara nyingi. Waliokaa kando yake, wengi wao, hawakupata nafasi ya kukubali wala kukataa, na Matsushige, aliyeruka picha zaidi ya alizopiga, nadhani alilijua hilo mapema kuliko sisi.