Wakala wa forodha aandike gharama au azifiche?

Ukifungua tovuti za mawakala wa forodha wa Dar es Salaam, ukurasa wa makala unafanana karibu kila mahali. Mkurugenzi anapokea cheti. Wafanyakazi wamevaa fulana za sare siku ya Mei Mosi. Salamu za Idi, salamu za Krismasi, kisha tangazo linaloanza na "Tunayo furaha kuwataarifu wateja wetu wapendwa". Aliyeingia humo ni afisa ugavi wa kiwanda, anatafuta mtu wa kumtolea mashine bandarini, na anatoka bila kujua hata kama kampuni hiyo iliwahi kutoa mashine.

Kwamba ukurasa wa namna hiyo haufai, hakuna anayebisha. Ubishi unaanza kwenye kuuboresha. Watu wa masoko wanataka kampuni iandike yote inayoyajua: ushuru unavyokokotolewa, nyaraka gani zinakwamisha mzigo, gharama zinafika wapi. Wenye kampuni, hasa waliokulia kwenye kazi hiyo, wanaona huko ni kuwapa washindani chakula mezani. Nimewasikiliza wote na siwezi kusema upande mmoja hauna akili.

Wanaotaka kuandika wana mifano mizuri. Kampuni ya John Deere ya Marekani ilianza kutoa jarida la The Furrow mwaka 1895. Lilimfundisha mkulima namna ya kulima na kuendesha shamba lake kama biashara, na hadi leo linachapishwa. Mfano wa karibu zaidi ni wa Julai 2019, pale mtandao wa Cloudflare, kampuni ambayo tovuti za wengine hupitia kwake, ulipoanguka kwa karibu nusu saa na tovuti nyingi duniani zikaanguka nao. Siku chache baadaye kampuni ikaandika kwa kirefu kosa lilikuwa nini, lilipitaje, na wamebadilisha nini. Mteja wa biashara anayesoma maelezo kama hayo anapata kitu ambacho tangazo haliwezi kumpa: anaona jinsi watu hao wanavyofanya kazi mambo yakiharibika.

Upande wa pili unajibu kwamba hapa si Marekani, na hilo si la kudharau. Kazi ya forodha Dar inapatikana kwa kujuana. Mfanyabiashara wa Kariakoo humpigia wakala aliyemtolea kontena la shemeji yake. Maswali yote yanaishia WhatsApp, saa nne usiku, kwa ujumbe wa sauti. Mwenye kampuni akiuliza makala imeleta kazi ngapi, mara nyingi hakuna jibu la kumpa. Na bei? Mzigo hutofautiana na mzigo. Ukiandika kiasi fulani leo, kesho mteja atakuja nacho kwenye simu kama hati ya mahakama.

Hapo kwenye bei ndipo naona pande zote mbili zinachanganya mambo. Kuna bei ya wakala, yaani ada yake, na kuna gharama ya mzigo. Ada ni yake, akitaka aifiche. Gharama ya mzigo si siri ya mtu. Sehemu kubwa imo kwenye sheria. Chukua bidhaa ya kiwandani ambayo thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi bandarini ni dola 20,000, nayo imeangukia kwenye ushuru wa forodha wa asilimia 25 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ushuru ni dola 5,000. VAT ya asilimia 18 haikokotolewi kwenye zile 20,000 peke yake. Inakokotolewa baada ya kuongeza ushuru, kwa hiyo ni asilimia 18 ya 25,000, sawa na dola 4,500. Aliyepiga hesabu kwa 20,000 alitenga 3,600, na sasa anatafuta dola 900 wakati kontena limeshafika. Hapo bado tozo nyingine ndogondogo.

Kwa mnunuzi wa kawaida hesabu inaishia hapo. Kwa kampuni iliyosajiliwa VAT, ile 4,500 kwa kawaida inadaiwa kwenye marejesho ya kodi, lakini 5,000 ya ushuru hairudi. Inaingia kwenye gharama ya bidhaa. Mhasibu wa kiwanda anataka kuambiwa hivyo kwa sentensi mbili, na ni wakala gani ameandika? Mshindani anajua tayari. Hakuna wakala mwenye leseni asiyejua VAT inakaa juu ya nini. Anayefichwa hapo ni mteja peke yake.

Hoja ya siri ina nguvu kwingine. Wakala anayejua mpangilio mzuri wa kupeleka mzigo wa transiti, yaani unaopita tu nchini, hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, nani ana malori ya kuaminika, dhamana (ahadi ya kulipa ushuru mzigo usipotoka nchini) ipatikane wapi kwa haraka, foleni ya mpaka wa Tunduma ipitwe siku gani, ana mali aliyoihangaikia miaka. Hiyo asiiandike. Lakini aandike kwamba mzigo wa Lubumbashi haulipiwi ushuru Tanzania, unapita kwa dhamana, na dhamana isipofungwa baada ya mzigo kutoka nchini mambo yanakuwa mazito. Mteja wa Kongo akishaelewa hivyo ndipo anaanza kuuliza maswali ambayo jibu lake linalipiwa.

Hoja moja ya wapinzani sijasikia ikijibiwa vizuri: makala hugeuka uongo bila mtu kuigusa. Kila Juni bajeti inasomwa, na tarehe 1 Julai viwango vinabadilika. Bidhaa iliyokuwa asilimia 25 inaweza kuamkia 35, kiwango kilichoongezwa kwenye ushuru wa pamoja wa Jumuiya mwaka 2022. Makala ya Machi iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa inaanza kumdanganya msomaji Julai, na bado ina nembo ya kampuni juu yake. Picha ya mkurugenzi na cheti haina hatari hiyo. Kwa hiyo mkurugenzi anayesema "bora tuweke picha" ana hoja kuliko wanavyomwona watu wa masoko, hata kama hakuifikiria hivyo.

Kuhusu idadi ya wasomaji, nadhani pande zote zinapima kisichohitajika. Makala kuhusu tofauti ya gharama ya kuhifadhi mzigo, inayotozwa kwenye eneo la bandari au bandari kavu, na demareji, inayodaiwa na kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena lake, haitasomwa na maelfu. Itasomwa na watu wachache wenye kontena lililokwama. Hao ndio wateja. Kampuni kubwa hainunui huduma kwa kichwa cha mtu mmoja: afisa ugavi anapendekeza, mhasibu anahoji, mkurugenzi anasaini. Yule afisa wa chini anahitaji kitu cha kumtumia mhasibu ili asionekane amemleta rafiki yake. Ukurasa mmoja unaoeleza gharama zote, nani anailipa ipi na lini inaanza kuhesabiwa, unafanya kazi ndani ya ofisi ambayo wakala mwenyewe hajawahi kuingia. Na hapo WhatsApp si mpinzani wa makala tena. Kiungo kinatumwa humo humo, baada ya ule ujumbe wa sauti.

Wapo wanaosema sasa yote haya ni bure kwa sababu mteja atauliza programu ya akili bandia na kujibiwa bila kufungua tovuti ya mtu. Ni kweli kwa maswali ya jumla, na makala za "umuhimu wa usafirishaji katika uchumi" zimekufa, wala sizililii. Programu hizo hazijui TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inarudisha mizigo ya aina gani mwezi huu kwa kukosa cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa. Anayejua ni yule kijana wa kampuni anayejaza TANSAD, fomu ya kutangaza mzigo forodhani, kila siku.

Tatizo ni kwamba huyo kijana hajawahi kuombwa kuandika. Kazi hupewa mtu wa nje wa masoko, asiyejua bili ya ledingi, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, ina nini ndani, naye anaandika kuhusu "suluhisho bora za usafirishaji". Kumlazimisha kijana wa forodha akae na kompyuta nako hakufai, ana mizigo. Njia inayowezekana ni mtu wa masoko kukaa naye nusu saa, amuulize wateja watatu wa mwisho walikwama wapi, aandike kwa maneno yake, kisha kijana apitie namba kabla ya kuchapisha. Jina la aliyepitia na tarehe vikae juu ya makala, si chini kwa herufi ndogo.

Kiswahili au Kiingereza? Nyaraka zote ni za Kiingereza, mazungumzo yote ni ya Kiswahili. Mteja wa Lubumbashi anaongea Kiswahili na wakala simu nzima, kisha barua rasmi anaandika Kifaransa. Mimi ningeandika maelezo kwa Kiswahili na kuacha majina ya nyaraka kama yanavyosomeka kwenye mfumo, ili mtu ayatambue akiyaona.

Lakini narudi kwenye tarehe 1 Julai, kwa sababu ndiyo inayoamua ugomvi huu kwa kampuni moja moja. Kampuni yenye mtu aliyepewa, kwa jina, kazi ya kupitia kila makala yenye namba katika wiki ya kwanza ya Julai, iandike viwango vyote inavyovijua. Isiyo na mtu huyo iwasikilize wapinzani na isiguse viwango kabisa. Ibaki na kurasa tatu za utaratibu zisizochakaa haraka: nyaraka zipi zinatakiwa kabla meli haijafika, VAT inakokotolewa juu ya nini, na gharama ya kuhifadhi inatofautianaje na demareji. Picha za Mei Mosi zihamie Instagram.