Ndege ya ghorofa mbili ina adabu kuliko bodaboda

Jamani, nimechoka. Kule London, uwanja wa Heathrow, kila ndege ya usiku inahesabiwa pointi kwa kelele zake. Jumla ya pointi za msimu ina kikomo. Airbus walipounda A380, lidude la ghorofa mbili, injini nne na abiria 500 na ushee, walilazimika kuchezea injini na mabawa ili litoshe kwenye kipimo hicho. Sydney ndo kabisa: saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi, ndege nyingi za abiria marufuku.

Sasa njoo Isevya, Tabora. Saa 8 usiku, mtoto ndo kwanza kapitiwa. Mara prraaaa! Pikipiki, eksozi imetobolewa makusudi, abiria mmoja, tena hana hata begi. Bati linatetemeka, mbwa wanapokezana mtaa mzima, mtoto huyoo kaamka. (Mama yake ananiangalia mimi, utadhani ndiye dereva.)

Asubuhi nikamuuliza kijana. "Mzee, bila mlio haina nguvu." Nguvu za kwenda wapi? Stesheni? Treni yenyewe inapiga honi, inapita, inanyamaza. Huyu anarudi saa 9.