Ya kale hayanuki? Miwani, tembe na kumbukumbu za Dodoma

Bibi yangu alizaliwa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, upande wa Mvumi. Tulipomuuliza nyumba ile ilikuwaje, hakutafuta karatasi wala kijiti cha kuchorea mchangani. Alisimama katikati ya uwanja wa nyumba yetu ya bati akanyoosha mkono: hapa walilala ndama, hapa palikuwa na mafiga, kule mama yake alihifadhi uwele. Sisi wajukuu tukawa tunasogeza miguu tusije tukawakanyaga ndama ambao hawakuwepo.

Naukumbuka mkono ule kila nikisikia habari za wasanii wanaotumia uhalisia mchanganyiko kuzungumzia kumbukumbu. Jina ni la kitaalamu, lakini jambo lenyewe liko karibu sana na alilofanya bibi. Mwaka 1994 watafiti Paul Milgram na Fumio Kishino walilieleza kwa mstari mmoja: mwisho huu kuna ulimwengu tunaoushika, mwisho ule kuna ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, na katikati kuna michanganyiko ya kila namna. Uhalisia pepe unakuziba macho na kukupeleka kwingine. Uhalisia mchanganyiko unakuacha ulipo. Miwani inapima sakafu, kuta na meza kwa kamera na vihisi, kisha inakusimamishia kitu mbele yako. Ukikizunguka, unakiona mgongo.

Je, wasanii wa Dodoma wakitaka kuingiza miwani hiyo katika kumbi za maonyesho ili kuturudishia ya zamani, tuwape moyo au tuwaonye? Mimi naegemea kuwapa moyo, kwa sharti ambalo si dogo.

Sababu ya kwanza ni mji wenyewe. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1910. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mji uliendelea kuwa wa vumbi, zabibu na treni ya usiku. Kisha ukaja mwaka 2016 na msukumo mpya wa serikali kuhamia, 2018 tukawa jiji, na 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam. Mtu aliyeondoka hapa mwaka 2010 akirudi leo atauliza njia. Mahali panapobadilika kwa kasi hiyo panahitaji njia ya kuonyesha kilichokuwepo pale pale kilipokuwepo, na picha ya ukutani haitoshi kwa kazi hiyo.

Tena sanaa ya namna hii imeshatoa kazi zenye uzito. Mwaka 2019 Marina Abramović, msanii anayeutumia mwili wake mwenyewe kama kazi ya sanaa, alionekana kupitia miwani katika jumba la Serpentine, London, akitembea ndani ya duara ambamo mwili wake haukuwepo. Ryuichi Sakamoto, mpiga piano wa Japani, alirekodiwa akiwa hai. Alifariki Machi 2023, na Juni mwaka huo huo watu waliovaa miwani New York walimwona akipiga piano katikati yao. Ukifikiria vizuri, hawakudanganywa. Walijua amekufa, na sakafu waliyoikanyaga ilikuwa ya leo. Wafiwa wengi huishi hivyo hivyo: marehemu wanamwona na kiti chake kitupu wanakiona.

Kondoa inaongeza nguvu hoja hiyo. Michoro ya miambani ya Kolo na maeneo jirani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliinakili mwaka 1951, na tangu wakati huo jua, maji, moshi na mikono ya watu vimeendelea kuila. Mwanafunzi wa Chang'ombe au Makole hapa mjini asiye na nauli ya kufika Kolo angeweza kuiona ikisimama katika ukumbi mjini kwa ukubwa wake halisi, bila kuigusa. Ila hapo hapo pana tatizo. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, ni mahali ambapo watu bado hufanyia matambiko, pamoja na ya kuomba mvua. Kukinakili kinachotumika leo na kukiweka chini ya kichwa cha "kumbukumbu" ni kuwaambia wenyewe kwamba wameshapita. Msanii atakayekwenda kule na kamera zake bila kwanza kukaa na wazee atakuwa amekosea kabla hajawasha mashine.

Kuna upande mwingine wa jambo, na mimi ndio unaonikosesha usingizi.

Wahenga walisema ya kale hayanuki. Walikusudia kwamba lililopita halina uvundo tena, basi lisichokonolewe. Kwenye miwani methali hiyo inakuwa kweli kwa namna ambayo sidhani waliiwazia: tembe ya kidijitali haina harufu ya moshi, ya samadi wala ya ngozi mbichi. Inabaki umbo zuri lenye jua la jioni. Tembe hasa ilikuwa jibu kwa nchi kavu yenye upepo mkali na mbao chache: kuta za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, watu na mifugo wakizungukana. Ndani yake watu waliishi na kufa. Njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, iliwakuta humo. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakatolewa katika makazi yaliyotawanyika na kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Wapo waliopata shule, zahanati na maji, na wanasema hivyo hadi leo. Wapo walioiacha nyumba ya baba yao wakiwa wanalia. Tembe nzuri ya kwenye miwani, isiyo na njaa wala siku ya kuhama, inawafuta wote wawili.

Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi aliyelitunga neno nostalgia mwaka 1688, aliiona hamu hiyo kama ugonjwa. Sisi tuna neno letu la upole zaidi: zilipendwa. Tunaliimba na kulicheza. Lakini zilipendwa huchagua. Wimbo uliochukiwa hakuna anayeuomba redioni.

Upo pia ushahidi wa kisayansi unaopaswa kumtia msanii hofu. Mwaka 2009 Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson walichapisha utafiti ambamo watoto walionyeshwa, kwa uhalisia pepe, wao wenyewe wakiogelea na nyangumi. Siku chache baadaye, miongoni mwa wale wa umri wa shule ya msingi, baadhi waliamini kwamba jambo hilo liliwatokea kweli. Ule ulikuwa uhalisia pepe, na waliopimwa walikuwa watoto, kwa hiyo siwezi kuuhamisha wote hadi kwa mtu mzima katika ukumbi wa sanaa. Hata hivyo kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa. Mjukuu ambaye hajawahi kuiona tembe, akiikuta kwenye miwani kabla ya kumsikiliza bibi yake, ataikumbuka ya msanii.

Wasiwasi kuhusu gharama nitaupitia haraka. Miwani ya Apple Vision Pro ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa dola 3,499, na Meta Quest 3 mwaka mmoja kabla yake kwa dola 499. Ukumbi mdogo unaweza kuanza na miwani miwili ya bei ya chini na watu wakapanga foleni. Kinachonitisha zaidi ni umri wa vifaa hivyo. HoloLens 2 ya Microsoft ilitoka 2019, na 2024 utengenezaji wake ukasitishwa. Ukuta wa udongo, ukipakwa upya kila baada ya mvua, hudumu zaidi ya hapo. Msanii anayehifadhi kumbukumbu za wazee humo tu anazihifadhi kwenye chombo kitakachokufa kabla ya baadhi ya wazee hao.

Kuna jambo la kiufundi ambalo naona ndilo kiini cha yote. Miwani ya kioo angavu, kama hiyo HoloLens, huongeza mwanga juu ya kile unachokiona. Haiwezi kuchora weusi. Penye weusi inaacha wazi, na chumba cha nyuma kinaonekana. Sasa, kitu ambacho bibi alikisema mara nyingi kuliko vyote kuhusu tembe ni giza lake: giza la mchana, la baridi, ambamo mtu alijulikana kwa kikohozi. Kifaa cha namna hiyo hakiwezi kulitoa. Msanii mwenye haraka atalificha pengo hilo kwa kuangaza kila kona. Msanii ninayemtaka ataliacha pengo, atazima picha, na katika sekunde hizo ataweka sauti ya mzee akieleza giza.

Ndiyo maana sharti langu ni kwamba miwani isijaze asichokisema shahidi. Penye ukuta ambao hakuna anayeukumbuka, ukuta usiwepo. Watu wasikilizwe kwanza, kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, sauti zao zihifadhiwe katika mafaili ya kawaida yasiyotegemea kifaa kimoja, na wao wawe na haki ya kusema hapana. Na kazi isimwache mtazamaji peke yake. Ngoma ya muheme inachezwa na wanawake wakiwa wameibana ngoma katikati ya mapaja, na mwenye kuikumbuka huikumbuka kwa mapaja na kwa sauti za wenzake. Miwani iliyofungwa kichwani mwa mtu mmoja haitaifikia hiyo. Mzee akiwa amesimama ukumbini kando ya mtazamaji, akisahihisha anachokiona, huenda ikafika karibu.

Bibi alisisitiza kwamba mlango wa tembe yao ulitazama machweo. Mdogo wake, aliyelelewa humo humo, alibisha mpaka mwisho kwamba ulitazama mawio, kwa sababu anakumbuka jua likimwamsha. Tembe yenyewe haipo; pale pamebaki mbuyu na mashimo ya panya. Siku msanii atakapoisimamisha katika ukumbi mmoja hapa mjini, naomba aweke milango yote miwili.