«Ndiyo, juji»

Mahabusu ameletwa kutoka gereza la Kasapa, ndala miguuni, macho yanamtafuta mke wake kwenye viti vya nyuma. Juji anamwuliza kwa Kifaransa kama anaachilia masharti ya barua ya wito. Karani anageuza kwa Kiswahili cha Lubumbashi: «Unakubali tukusambishe leo?», yaani tusikilize kesi yako leo. Naye: «Ndiyo, juji.» Imekwisha.

Sheria inaruhusu. Kanuni yetu ya kesi za jinai hapa Kongo (Kinshasa), ya tangu 1959, inampa mshtakiwa siku 8 kamili kati ya kupokea wito na kusikilizwa. Anaweza kusambishwa bila wito, lakini akiwa kizuizini juji lazima amjulishe kwanza kwamba ana haki ya kuudai, kisha mwenyewe atamke kuwa anauacha.

Maavoka, yaani mawakili, wanaoutetea utaratibu huu siwacheki. Siku 8 katika gereza lililofurika watu si siku 8 za nyumbani. Kijana aliyeiba kuku, na mwenye kuku ameshalipwa, anataka jambo liishe arudi kwake. Ukimwambia angoje kwa ajili ya haki zake, umemgeuzia haki kuwa kifungo. Na haki asiyoweza kuiweka kando mwenyewe ni ya nani hasa?

Mimi nakwama kwenye ile tafsiri. «Tukusambishe leo?» haimwambii kwamba kuna siku 8, wala kwamba ni za kutafuta shahidi na kuongea na avoka. Anasikia «leo», basi. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Johnson v. Zerbst ya 1938, ilisema kuachilia haki ni kuiacha kwa makusudi huku unaijua. Lakini ya nini kwenda mbali? Katiba yetu ya 2006, ibara ya 18, inataka anayekamatwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 19 inampa avoka tangu polisi. Lugha hiyo ikifaa siku ya kukamatwa, iweje ipunguzwe mbele ya juji?

Kwa hiyo siku 8 ziachiliwe, sawa, ila baada ya kuongea na avoka, hata dakika kumi kwenye korido. Na karani aandike swali lenyewe jinsi lilivyoulizwa kwa Kiswahili. Dosie ikifika kwenye rufaa na neno «ameachilia» peke yake, nani atajua aliachilia nini?