Sikuwamwagia makusudi, nisikilizeni kwanza

Naona stori aliyoisambaza rafiki yangu imeshafika mpaka Tanga, maana shangazi kanipigia asubuhi asubuhi anauliza eti ni kweli nimewamwagia maji machafu washenga waliokuja kumposa binti wa chini, kwa wivu. WIVU! Jamani. Yule binti wa chini ni jirani yangu, mnanaa nilikuwa nampelekea, ndiyo, rehani pia, na kotimiri ilipopanda bei nikampelekea fungu, ila huo ni ujirani tu, na nyie mnaocheka nawaona.

Ilikuwa hivi. Wanaonifuata wanaujua mradi wangu wa balkoni, mabomba manne ya PVC ya inchi 4 nimeyafunga ukutani ngazi ngazi, yametobolewa matundu, kila tundu kikombe cha mtindi chenye sponji na mche wa saladi, chini ndoo ya lita 20 na kapampu ka akwariamu kanapandisha maji mpaka bomba la juu, yanatiririka bomba kwa bomba yanarudi ndooni. Udongo hakuna. Nilikuwa najisikia bwana shamba ghorofani.

Siku ya posa nikasema lazima mimea ipendeze, wageni wakiinua macho wasikute kitu kimenyauka. Nikajaza ndoo mpaka mdomoni. Halafu virutubisho, yaani chakula cha mimea, wanaojua wanajua, chupa A na chupa B hazikutanishwi hivi hivi, unamimina A kwenye maji mengi unakoroga ndo unatia B, maana A ina kalsiamu, B ina salfeti na fosfeti, zikikutana zikiwa nzito zinagandana. Mimi na haraka zangu nikazitia zote kwenye jagi moja, likatoka jambo jeupe zito kama tui la kwanza, nikalitia ndooni hivyo hivyo. Na ndoo yenyewe ni ile nyeupe inayopitisha mwanga, kwa hiyo ndani ilishaota mwani wa kijani, na huko chini kuna mizizi ilishaanza kuoza. Harufu sielezei, kuna watu wanakula.

Sasa wageni wamewekwa barazani, chini ya balkoni yangu hasa, sababu ndani joto. Mazulia, vitumbua kwenye sinia, sharubati ya ukwaju. Mzee mshenga ana kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na kofia ya kushonwa kwa mkono, zile ambazo mtu haulizi bei. Mimi juu nimejibanza nyuma ya mnanaa nasikiliza. Ujirani.

Mzee akakohoa. "Sisi tulikuwa tunapita, tukaona ua..."

Umeme ukakatika.

Hii sehemu rafiki yangu kasahau kuwaambia, sijui kwa nini, wakati yeye ndo alikuwa analeta kreti la soda na aliona feni ikizima! Feni kimya, redio kimya, mtaa mzima kimya, na kwenye ukimya ule nikasikia bomba la juu linasema gluu. Nikageuka. Pampu ikizima, maji yote yaliyomo kwenye mabomba yanashuka kurudi ndooni. Bomba moja langu linashika kama lita tano. Mabomba manne. Ndoo imejaa. Pigeni hesabu, mimi niliipiga pale pale nikapata jibu sahihi kabisa na halikunisaidia kitu.

Maji yakafika mdomoni mwa ndoo. Yakavimba. Yakasita. Yakamwagika. Nikaweka viganja. Nikavua fulana nikaitandaza sakafuni, yakapita chini ya fulana bila hata kuaga, yakashika njia ya kile kibomba cha kutolea maji ya mvua kinachochungulia nje ya balkoni, na mimi nayafuata kwa magoti nayabembeleza, wallahi nilikuwa nayabembeleza, "subirini, subirini kidogo." Chini mzee anaendelea, "...ua zuri lililotunzwa, tumekuja kuomba tulichume..."

Yakatoka. Na yangetoka kwa kishindo ingekuwa nafuu, watu wangekimbia. Yalitoka kauzi kembamba, polepole, katikati ya kofia. Mzee wa watu hakushtuka, hakuinua uso, mtu mwenye adabu zake. Alinyamaza tu. Lile tui likashuka kwenye paji, likazunguka pua, likaingia kwenye ndevu, na mimi kwa kuruka niwahi kuziba tundu kwa kidole nikalipiga teke bomba la chini, kikombe kikachomoka, saladi moja na mizizi yake yote futi nzima ikapita hewani mbele ya mabibi wa pande zote mbili ikatua, paa, juu ya vitumbua.

Ndo ua lenyewe hilo.

Macho yote juu. Mimi kifua wazi, kidole kwenye tundu, nikikitoa yanamwagika tena. Nikasema, "Karibuni."

Mzee akajifuta, akanusa kidole chake, akauliza kwa upole kabisa: "Marashi ya Pemba nayajua. Haya ni ya wapi?"

Basi. Posa imekubaliwa, kanzu nimeifua mwenyewe, kofia nimelipa, mama mwenye nyumba kaniweka kwenye kigoda kanisomea, mabomba yakashuka jioni ile ile. Na wale walioonekana kwenye glasi ya ukwaju hawakuwa vyura, msidanganywe, ni viluwiluwi vya mbu tu. Sasa hivi nina ndoo nyeusi zenye mifuniko, hazina pampu, mche unakaa kwenye kifuniko mizizi inakunywa yenyewe, maji yakipungua mizizi ya juu inapata hewa, ndo njia ya Kratky, yule mtaalamu wa Hawaii, umeme ukikatika haijui hata kama umekatika.

Halafu nauza pampu ya akwariamu, imetumika kidogo, bei maelewano. Haina tatizo lolote, tatizo ilikuwa ndoo.