Kiwanja kimepanda bei, ndoa imevunjika

Jirani yangu mmoja hapa Nkuhungu, Dodoma, alikwenda mahakamani na mtoto mgongoni na mikono mitupu. Mumewe alikwenda na faili. Humo mlikuwa na risiti za saruji, nondo, mabati, hadi ya kitasa cha mlango wa choo. Kiwanja alikinunua 2014, mwaka mmoja kabla ya ndoa, kwa bei ambayo leo haitoshi hata kujenga uzio wake. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia Dodoma, na kilichofuata kila mwenye kiwanja mjini hapa anakijua.

Vijiweni watu wana jibu moja: ndoa ikivunjika, ni nusu kwa nusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali waliyoichuma kwa nguvu za pamoja, ikitazama mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Ikishayapima hayo, ielekee kwenye usawa. Kiwanja cha kabla ya ndoa nacho kinaingia, ikiwa mwenzake au wote wawili wamekiendeleza kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa.

Neno "kazi" lilipata uzito 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wanaharakati huitaja hukumu hiyo kila siku. Wasichokitaja sana ni kwamba Bi. Hawa mwenyewe hakuambulia kitu: mahakama ilisema fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizitapanya, na mchango wake ukafutika hapo. Mlango aliufungua yeye, wakapita wengine.

Tangu hapo mahakama zimeshikilia jambo moja: mchango upo, lakini uthibitishwe, na kiasi chake kitokane na ushahidi. Wanaotetea msimamo huu wana hoja, na si za kubeza. Ndoa ya miezi minane utaigawaje nusu kwa nusu? Na sheria yetu inaruhusu mitala. Chukua mke mkubwa aliyelima shamba la zabibu Hombolo miaka ishirini, kisha mke mdogo aliyeolewa majuzi anadai talaka. Nusu yake itakatwa kwenye jasho la nani? Hapo nusu kwa nusu inamwumiza mwanamke mwingine, siyo mume.

Tatizo la ushahidi ni kwamba unampenda anayetunza karatasi. Jirani yangu alimwagilia tofali. Aliyewahi kujenga Dodoma anajua maana yake: kwa jua hili, tofali la saruji lisipopata maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa linakuwa biskuti. Maji ya bombani yalikuwa ya mgawo, basi akayabeba kichwani, dumu la lita ishirini baada ya dumu, akiwa na mimba. Mafundi akawapikia ugali na mlenda mpaka nyumba ikapauliwa. Hakuna duka linalotoa risiti ya hayo. Shahidi wake ni fundi, na mafundi ni watu wa kuhamahama.

Mimi naona faili la mume linakwama mahali pengine kabisa. Risiti zinaonyesha gharama ya kujenga. Hazionyeshi kwa nini kiwanja cha bei ya kawaida kimegeuka dhahabu. Thamani hiyo haikutoka kwa saruji yake wala kwa madumu ya mkewe, ilikuja na wizara. Ukigawa bei ya leo kwa uwiano wa risiti za jana, unampa mmoja zawadi ya Serikali kuhama. Kwa sehemu ya gharama, sawa, kila mtu alete ushahidi wake. Kwa sehemu iliyopanda yenyewe, ile lugha ya sheria ya kuelekea usawa ndiyo yenye mantiki, na ningependa kuona mahakimu wa huku wakiitumia hivyo.

Watoto nao hawasahauliki. Sheria inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, ingawa baba anaweza kuleta sababu za kinyume. Lakini mama huyo atakaa naye wapi, nyumba ikiuzwa?

Kuna jambo ambalo kila nikilifikiria nacheka kwa uchungu. Mume akifa kabla ya talaka, bila wosia, na mirathi ikaendeshwa kimila, kanuni za mila zilizotangazwa 1963 hazimpi fungu mjane mwenye watoto. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyeachwa ana kifungu cha kusimamia, aliyevumilia hadi mwisho anasubiri huruma za kikao cha ukoo. Kama mume ameacha wosia, huo nao unagusa kilicho chake tu. Kipi ni chake? Tunarudi kwenye dumu la maji.

Kinga ya bei rahisi ni majina mawili kwenye hati. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali ya wanandoa iliyo kwa jina la mmoja inadhaniwa ni yake peke yake, iliyo kwa majina ya wote inadhaniwa ni yao kwa usawa. Dhana zote mbili zinaweza kupingwa, ila jaribu kuipinga ya kwanza bila karatasi. Ugumu ni kulisema jambo hili nyumbani. Mke akiuliza habari za hati, jioni hiyohiyo shangazi wa mume anapigiwa simu: huyu ameanza kuhesabu.

Shauri la jirani bado linaendelea. Hakimu amemwambia alete mashahidi. Fundi, kwa anavyosikia jirani, yuko Mpwapwa, anajenga, na namba aliyokuwa nayo haipatikani.